Ufunguo, sarafu, tawi au kamba: kipi kibebe mpaka katika mchezo wako?

Makundi mengi ya maigizo hapa Kigoma hayana ukumbi. Tunachezea mchangani Kibirizi, chini ya miembe ya Ujiji, kwenye viwanja vya shule huko Mwandiga, popote watu watakapokubali kukaa chini na kutazama. Hapo hakuna mlango, ukuta wala pazia. Hata hivyo hadithi tunazozipenda karibu zote zina mpaka ndani yake: mtu anashuka kuzimu, bibi harusi anaagwa kwao, mkimbizi anavuka ziwa, ndugu wawili wanagombea kiwanja. Mtazamaji lazima auone huo mpaka, na cha kumwonyesha ni kile tu kinachoenea mkononi mwa mwigizaji.

Visasili vya mataifa mengi vilishakutana na tatizo hili na kulitatua kwa vitu vidogo vya kubebeka. Msimulizi wa kale naye hakuwa na lango la kuonyesha. Alikuwa na ufunguo, fimbo, sarafu, tawi, kamba, kofia. Nimevipanga hapa sambamba ili kundi likikaa kuchagua, lichague likijua kila kimoja kinafanya kazi gani na kinashindwa wapi.

Wengi huanza kwa kuuliza kitu fulani "kinaashiria nini". Naona swali hilo halitufikishi mbali, maana vyote hivi vinaashiria mpaka. Swali linalovitenganisha ni hili: pale mpakani, kitu hiki ni mali ya nani? Viko vitu vya mlinzi wa mlango. Viko vya anayevuka. Viko vya wale wanaobaki upande huu. Na kipo kimoja, nitakifikia, ambacho ni cha mpaka wenyewe. Ukishajua mchezo wako unamfuata nani kati ya hao, nusu ya kazi imekwisha. Inayobaki ni kuangalia kama kitu kinaonekana hadi safu ya nyuma, kama kinatoa sauti, na kama kinapatikana hapa hapa bila kuagiza Dar.

Neno moja kabla ya kuendelea. Fimbo ya Musa, funguo za Petro na ufunguo wa Kaaba sivihesabu kati ya visasili. Kwa watazamaji wetu hayo ni mambo ya imani, na yanastahili heshima hiyo. Nitayataja kwa sababu mtazamaji wa Ujiji akiona fimbo au ufunguo mikononi mwa mwigizaji atayakumbuka, na mtunzi asiyelijua hilo atashangaa kwa nini mchezo wake umeeleweka tofauti.

Vitu vya mlinzi: ufunguo na fimbo

Ufunguo ndio makundi mengi hukimbilia kwanza, na sababu zipo. Janus, mungu wa Warumi wa milango na mianzo, mwenye nyuso mbili, mshairi Ovid anamwonyesha ameshika fimbo mkono wa kulia na ufunguo mkono wa kushoto. Warumi hao hao walikuwa na Portunus, mungu wa funguo na wa bandari kwa pamoja, na hekalu lake bado limesimama Roma karibu na mto Tiber. Kwa mji wa bandari kama wetu, mahali reli ya kati inapokoma na ziwa linapoanza, mungu anayeshika ufunguo wa gati ni zawadi kwa mtunzi. Tena huko Lagina, ambako leo ni Uturuki, wafuasi wa Hecate, mungu wa kike wa njia panda, walikuwa na maandamano ambamo ufunguo ulibebwa kwa heshima kama kitu kitakatifu.

Pamoja na hayo yote, ufunguo si chaguo langu kwa hadithi ya kuvuka. Mwenye ufunguo haogopi. Akifika mlangoni anafungua, anaingia, na swali limekufa papo hapo. Mchezo unataka mtu asimame mpakani asijue kama atapita, na ufunguo unamwondolea mwigizaji nafasi hiyo. Halafu kuna suala la ukubwa: ufunguo wa kufuli la dukani hauonekani kupita safu ya pili. Ukiutaka lazima uuchonge wa mbao, mrefu kama mkono kuanzia kiwikoni, na uuninginize kiunoni ili ugonge paja mwigizaji anapotembea.

Mahali ufunguo unaposhinda vyote ni katika hadithi ya amana. Mkristo akiuona atakumbuka Petro kupewa funguo za ufalme wa mbinguni. Mwislamu atakumbuka jinsi Mtume, baada ya kuikomboa Makka mwaka wa 8 wa Hijria, yaani 630, alivyomrudishia Uthman bin Talha ufunguo wa Kaaba, na ukoo wa Bani Shaiba unautunza hadi leo. Katika yote mawili uzito hauko kwenye kufungua. Uko kwenye kukabidhiwa. Kwa hiyo kama mchezo wako unahusu mweka hazina wa kikundi cha akina mama, au mtoto anayeachiwa nyumba na wazazi, chukua ufunguo bila kusita.

Fimbo ni ndugu wa ufunguo lakini inafaa zaidi mchangani. Inaonekana kutoka mbali, ikigonga ardhi inasikika, na inaweza kitu ambacho kingine chochote kati ya hivi hakiwezi: inachora mstari. Mwigizaji anaburuta ncha ya fimbo mchangani, na mpaka umezaliwa mbele ya macho ya watu. Hermes, mungu mjumbe wa Wagiriki, alikuwa na fimbo ya dhahabu ambayo kwayo huwafumba watu macho wakalala, na huwaamsha apendapo. Katika masimulizi ya mshairi wao Homer ndiyo aliyoitumia kuziongoza roho za waliouawa nyumbani kwa shujaa Odysseus, nazo zilimfuata zikilia kama popo wa pangoni. Fimbo ya aina hiyo ilikuwa pia kinga ya mjumbe. Aliyeibeba alipita hadi kwenye kambi ya adui bila kuguswa.

Lakini fimbo ninayoipenda zaidi ni mkongojo wa Legba. Watu wa Dahomey ya kale, Benin ya leo, na jamaa zao waliopelekwa utumwani Haiti, wanamjua kama mwenye lango kati ya wanadamu na roho. Katika ibada za Haiti huitwa yeye kwanza, kwani asipofungua hakuna roho nyingine inayopita. Huko humwona kama mzee anayechechemea, mwenye kofia ya ukindu na mkongojo. Mwigizaji mzuri akipewa nafasi hiyo atafanya makubwa: mtu dhaifu kuliko wote uwanjani ndiye ambaye kila mmoja lazima amngoje.

Tahadhari yake ni kwamba kwetu fimbo imeshasema mengi kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Ni bakora ya mzee wa mtaa, ni kile kifimbo cha Mwalimu Nyerere, ni fimbo ya Musa iliyopasua bahari. Watazamaji wataona mamlaka kwanza, mpaka baadaye. Kama hadithi yako inahusu hofu ya anayevuka, fimbo itamfunika.

Vitu vya anayevuka: sarafu na tawi

Hapa ndipo kwenye utajiri, na hapa nataka kukaa zaidi, kwa sababu vitu hivi vina sifa moja ambayo ufunguo na fimbo havina. Havirudi na mwenyewe. Ukivuka, unaviacha.

Sarafu kwanza. Wagiriki wa kale waliwaweka maiti wao sarafu ndogo mdomoni, nauli ya Charon, mvushaji wa wafu, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamezikuta sarafu hizo makaburini. Kawaida ilitajwa oboli moja, sehemu ya sita ya drakma. Katika mchezo wa kuchekesha wa Aristophanes ulioonyeshwa Athens mwaka 405 kabla ya Kristo, nauli inatajwa kuwa oboli mbili. Mtazamaji wa Kigoma hahitaji kuelezwa habari hii mara mbili. Njia ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji ilikuwa ya hongo. Kila mtawala aliyekuwa na njia alilipwa kwa doti za nguo na shanga ndipo watu wapite. Stanley alipopita Uha mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone alilipa, akadaiwa tena mbele, akalipa, mwisho akaamua kupenya porini usiku na msafara wake ili kukwepa wanaofuata. Mpaka wenye bei tunaujua.

Shida ya sarafu ni kwamba haionekani. Dawa yake ni sauti na mdomo. Mpe mwigizaji shilingi mia mbili iliyooshwa vizuri, aiweke kwenye shavu kabla ya kuingia, na acheze sehemu yake yote ya kufika ufukweni bila kusema neno. Mvushaji ananyosha kopo tupu la maziwa ya unga. Mwigizaji anaingiza vidole viwili mdomoni, anaitoa sarafu taratibu, inang'aa kwa mate, anaiachia kutoka usawa wa kifua. Mlio wa sarafu kwenye bati unafika hadi kwa waliosimama nyuma. Tena yule aliyekuwa hajaelewa kwa nini mtu huyu haongei anaelewa wakati huo huo kwamba anamtazama maiti. Sijui kitu kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi kubwa namna hiyo.

Hapo hapo kuna jambo la chombo. Mshairi Virgil anampa Charon upondo, na inafaa, kwa kuwa maji yake ni ya kinamasi. Ukimpa Charon wako upondo mbele ya wavuvi wa Kibirizi hawatakuamini. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na hatua chache kutoka ufukweni upondo hauna kazi. Mpe kasia.

Udhaifu wa sarafu ni wa ndani zaidi. Inaufanya mpaka kuwa suala la fedha, na mwenye nazo anapita. Ukitaka kusema kwamba kuna mlango ambao fedha haiufungui, hamia kwenye tawi.

Tawi la dhahabu liko katika masimulizi ya Virgil huyo huyo, aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo. Aeneas, shujaa aliyekimbia mji wa Troy, anataka kushuka kuzimu akamwone baba yake aliyekufa. Kuhani wa kike wa Cumae anamwambia kushuka ni rahisi, kazi iko kwenye kurudi, na kwamba ndani ya msitu kuna mti wenye tawi moja la dhahabu. Kama ameitwa, tawi litang'oka lenyewe kwa hiari. Kama hakuitwa, hakuna nguvu wala chuma kitakachoweza kulikata. Njiwa wawili wanamwongoza, analipata. Kwenye mto Charon anafoka: hataki kumbeba mtu aliye hai. Kuhani anafunua vazi lake na kutoa tawi lililokuwa limefichwa humo. Hasira ya mzee inashuka, na jahazi linasogea. Ukingoni wanabaki wale ambao hawakuzikwa, ambao lazima watangetange miaka 100 kabla ya kuruhusiwa kupanda.

Kisha inakuja sehemu ambayo wasimulizi wengi huiruka, na kwangu ndiyo kiini cha yote. Aeneas anafika kwenye jumba la malkia wa kuzimu. Anajinyunyizia maji safi, na tawi analisimika kwenye kizingiti. Analiacha hapo. Kitu chenye thamani kuliko vyote alivyowahi kuvishika kinabaki mlangoni, na yeye anaingia mikono mitupu. Linganisha na ufunguo unaorudi mfukoni, utaona kwa nini nalipigania tawi.

Kwa upande wa vifaa, Kigoma tumebarikiwa. Kuti changa la mchikichi, lile ambalo bado halijafunguka, lina rangi ya manjano iliyofifia bila kupakwa kitu chochote, na jua la saa kumi linalifanya ling'ae. Mwombe mwenye shamba akupe kutoka kwenye mti unaong'olewa. Kukata chipukizi la mti unaozaa ni kumwingiza hasara. Wakatoliki wataikumbuka Jumapili ya Matawi, na sioni kama hilo linaharibu kitu. Usitumie mnyaa, hata kama ndio unaoota kwenye kila mpaka wa shamba na wazo linavutia. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unachoma vibaya na unaweza kumpofusha mtu kwa muda, na mwigizaji mwenye tawi mkononi hujifuta jasho usoni bila kufikiri.

Kuna toleo refu la kuacha kitu mlangoni, la Wasumeri, kusini mwa Iraki ya leo. Inanna, malkia wa mbinguni, anashuka kuzimu kwa dada yake kupitia malango saba. Kwenye kila lango bawabu Neti anamvua kitu: kilemba, shanga za buluu, shanga pacha zenye umbo la yai, pambo la kifua, pete ya dhahabu, fimbo na kamba ya kupimia, mwisho joho. Kila anapouliza kwa nini, anajibiwa anyamaze, ndivyo taratibu za kuzimu zilivyo. Ninachokiona hapo ni lile lango la sita. Fimbo na kamba ya kupimia ni vyombo vya kugawa ardhi. Aliyekuwa na mamlaka ya kuweka mipaka ananyang'anywa vipimo vyake karibu kabisa na mwisho, na baada ya hapo limebaki vazi tu.

Hili linafaa kwa kundi lenye mwigizaji mmoja wa kike mwenye uwezo wa kulibeba jukwaa peke yake. Vitenge na kanga zilizovaliwa tabaka juu ya tabaka zinatosha. Mwisho abaki na kanga moja isiyo na pambo, na heshima yake imelindwa. Watu watamwona amevuliwa kila kitu.

Vitu vya wanaobaki: kamba na uzi

Hivi viwili vinafanana kwa macho na vinapingana kwa kazi. Uzi wa binti mfalme Ariadne, aliompa shujaa Theseus kule kisiwa cha Krete katika hadithi ya Wagiriki, ulifungwa mlangoni ili aliyeingia kwenye ile nyumba ya vichochoro aweze kurudi. Anayebaki anashika ncha moja, aliyeingia anashika nyingine. Ni wa upendo, na ni wa hatari pia, maana Theseus alipotoka salama alimwacha Ariadne kisiwani Naxos na kwenda zake. Kwa hadithi ya mke wa mvuvi au mama wa kijana aliyekwenda machimboni, uzi unasema yote. Juani hauonekani, kwa hiyo tumia uzi mnene wa nyavu wa rangi kali.

Kamba inakataza kurudi. Masimulizi ya Kijapani yaliyoandikwa mwaka 712 yanaeleza jinsi Amaterasu, mungu wa jua, alivyokasirika akajifungia pangoni na dunia ikawa giza. Miungu wenzake wakakusanyika nje. Mmoja akacheza ngoma hadi wote wakaangua kicheko. Amaterasu akachungulia kujua wanacheka nini, akaona mwanga wake mwenyewe kwenye kioo, na mwenye nguvu kati yao akamshika mkono na kumvuta nje. Hapo hapo mwingine, Futodama, akavuta kamba nyuma ya mgongo wake: usirudi zaidi ya hapa. Hadi leo kamba ya majani ya mpunga yenye vipande vya karatasi nyeupe huning'inizwa Japani kwenye mahekalu, miti na miamba, kuonyesha kwamba ng'ambo ya hapo ni mahali patakatifu.

Kwa mazingira yetu kamba ndiyo namba moja kwa urahisi. Watoto wawili wakiishika, mlango umepatikana popote pale. Wakiishusha chini ni kizingiti, wakiipandisha ni lango, wakiizungusha ni nyumba. Kamba ya mgomba inafanya kazi vizuri kuliko ya nailoni, maana ni nene na rangi yake inasomeka. Lowesha magome makavu kidogo yasikatike, watu wawili wakae wakitazamana, kila mmoja asokote upande wake, kisha waziache nyuzi mbili zijizungushe zenyewe. Ikiwa na unene wa kifundo cha mkono inaonekana kutoka mbali.

Ila tafadhali fikirieni watazamaji wenu. Mkoa huu una watu wengi waliovuka ziwa na mpaka kutoka Kongo na Burundi, na kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Kamba inayovutwa nyuma ya mtu na kumwambia asirudi alikotoka haitakuwa mchezo tu kwa kila aliyekaa hapo. Sisemi msiitumie. Nasema ongeeni kwanza na wazee wa hapo mnapochezea, na yule anayevutwa nje awe na wa kumpokea upande wa pili.

Kofia, na jani la kuimalizia

Hiki ndicho kitu cha mpaka wenyewe. Wayoruba wa Nigeria husimulia kuhusu Eshu, mwenye njia panda, na marafiki wawili waliolima mashamba jirani. Eshu alipita kwenye njia inayoyatenganisha akiwa na kofia ambayo upande mmoja ni nyekundu na upande mwingine nyeusi (wengine husema nyeupe). Jioni mmoja akasema, umemwona yule mwenye kofia nyekundu? Mwenzake akajibu, nyeusi. Urafiki wa miaka mingi ukaishia kwenye ngumi.

Kwa mchezo kuhusu migogoro ya viwanja sijaona kinachoishinda. Fundi cherehani anaishona kwa vipande viwili vya kitambaa. Siri iko kwenye kuwapanga watazamaji: wakalishe pande mbili zinazotazamana, mwigizaji apite katikati moja kwa moja bila kugeuka. Kisha mwulize kila upande kofia ilikuwa rangi gani. Watabishana wenyewe, na watakuwa wameingia ndani ya hadithi kabla hujaisimulia.

Udhaifu wake ni kwamba inawasha moto na haiuzimi. Hapo naazima kutoka Uchagga. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro mmea uitwao isale hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na jani la mmea huo huo hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Aliyekosewa akiletewa isale ni vigumu sana kukataa. Mmea unaotenganisha mashamba ndio unaopatanisha wenye mashamba. Weka kofia mwanzo wa mchezo na jani mwisho, lakini mwache anayelipokea akae nalo mkononi kabla hajajibu. Isale si mmea wa huku kwetu, kwa hiyo msimulizi alitaje jina na aseme linatoka wapi, ili watu wasidhani ni jani tu.

Nilivyoviacha nje, na mapendekezo

Jiwe la Terminus, mungu wa Warumi wa mipaka, limenivutia siku zote, hasa ile habari kwamba alikataa kuhama kwenye kilima cha Capitolium huko Roma hata Jupiter, mkuu wa miungu yao, alipotakiwa kujengewa hekalu hapo. Lakini kazi ya jiwe hilo ni kutobebeka. Ulezi ule ambao Kintu, mtu wa kwanza katika visasili vya Buganda, na mkewe Nambi waliurudia mbinguni kwa ajili ya kuku wao, wakafuatwa na Walumbe, yaani kifo, ni hadithi nzuri mno (wapo wasemao aliyerudi ni Nambi, wapo wasemao Kintu). Ila punje mkononi hazionekani, labda uzimwage kwenye ungo kwa sauti. Mwenge wa Hecate ungependeza usiku, na karabai ya wavuvi wa dagaa ingeshika nafasi yake vizuri, ila kwa Mtanzania mwenge umeshakuwa ule wa Kilimanjaro wa 1961, uliowashwa umulike hata nje ya mipaka yetu, na hadithi yako itageuka kuwa ya taifa. Kama ndivyo utakavyo, sawa.

Kundi jipya lenye watoto wengi lianze na kamba. Kundi lenye waigizaji wachache wazoefu, na hadithi ya kifo au ya safari isiyo na uhakika, lichague kati ya sarafu na tawi: sarafu kama mpaka wao unauzwa, tawi kama hauuzwi. Mchezo wa mabaraza ya ardhi na wa serikali za mitaa, kofia na isale. Msimulizi wa peke yake asiye na msaidizi, fimbo, kwa kuwa ndiyo pekee itakayomchorea mstari huku mkono mwingine ukiwa huru. Na yeyote atakayechukua tawi, hakikisheni mnapofanya mazoezi mwigizaji analiacha kizingitini kila mara. Akizoea kutoka nalo kwenye mazoezi, siku ya mchezo atatoka nalo pia.